Darasa la Kati Lilinishinda, la Chini Likanichosha

Nilitua Beijing na cheti changu cha HSK 3 (mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya tatu), wakati huo cha maneno 600, nikajiona mjuzi. Siku ya kupangiwa madarasa nilipiga soga na mwalimu bila kukwama, akanitupa darasa la kati. Balaa! Kitabu kilijaa herufi za Kichina tupu, hakuna pinyin, yaani matamshi yaliyoandikwa kwa a, b, c. Wenzangu Wajapani walikuwa wanateleza tu, maana herufi nyingi wanazijua tangu kwao, ingawa wanazitamka vingine. Wao wakimaliza aya, mimi bado napekua kamusi kwenye simu.

Nikaomba nishushwe. Huko chini wiki nzima tukaimba toni nne, maana Kichina ukibadili toni, neno linabadilika: mā, má, mǎ, mà, yaani mama, katani, farasi, kutukana. Nilisinzia, sifichi. (Ila mwalimu alinikamata: toni yangu ya tatu ilikuwa mbovu kuliko ya wanaoanza.)

Ndipo nikagundua kwamba mazungumzo yana kipindi chake, kusoma na kuandika vyake. Kwa nini sikuuliza mapema? Sasa asubuhi nachora herufi kama mtoto wa chekechea, mchana nakaa darasa la kati kubishana na wale Wajapani.