Mfungwa wangu wa dirishani

Nilipohamia Saitama, Japani, nilidhani bonsai ni jina la mmea, kama mchungwa au mwembe. Kumbe ni msonobari tu, au mreteni, ambao ukiutoa chunguni ukaupanda ardhini utarefuka kama wenzake. Kinachoudumaza ni mkono wa mtu: mizizi inapunguzwa, matawi yanafungwa waya, machipukizi yanachumwa. Kwetu mbuyu huanza kama mchicha. Huku mbuyu unazeeka ukiwa na kimo cha mchicha.

Wenye bustani za miti hii walikuwa Tokyo hadi tetemeko la 1923. Kuanzia 1925 baadhi yao wakahamia Omiya, huku Saitama, kufuata maji safi na udongo mzuri, wakajiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, ua uwe wa mimea hai, nyumba isiwe ya ghorofa, na lango liwe wazi kwa yeyote atakaye kutazama. Hilo la lango ndilo lililonivuta. Nimezoea kuta zenye vipande vya chupa juu.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya mreteni mmoja, shina jeupe kama mfupa uliopigwa jua. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akimwagilia, kwa Kijapani changu cha kuombea maji, kama mti unaumwa. Akacheka, akanionyesha kwa kidole ukanda mwembamba wa gome la kahawia uliopanda ukizunguka ule mfupa mpaka kwenye majani. Uhai wote ulikuwa unapita hapo. Ule weupe hupakwa dawa ya chokaa na salfa usioze. Akaendelea na maji yake, chungu kwa chungu, bila haraka. Kumwagilia peke yake, alisema, mwanafunzi hujifunza miaka 3.

Sakura, maua ya mcheri, mnaijua, sina la kuongeza ila kwamba watu ni wengi mno. Mimi napenda ajisai, maua ya mwezi wa sita, msimu wa mvua, yanayojaa kando ya njia hadi kwenye maegesho ya baiskeli. Udongo wenye asidi huyatoa ya buluu, usio na asidi ya waridi. Na Novemba nenda bustani ya Shinjuku Gyoen, Tokyo, uone maua ya kiku: shina moja limezaa mamia ya maua, yamepangwa kama kuba la msikiti, yote yamechanua kwa pamoja. Nililizunguka mara mbili nikitafuta shina la pili.

Mwishowe nikanunua kimsonobari, nikamwonyesha mama kwenye video. Akakitazama kitambo.

“Hakizai, hakina kivuli, na ardhi umekinyima. Kimekukosea nini, mwanangu?”

Siku hizi akipiga, kabla hajauliza kama nimekula, huanza na hilo: “Yule mfungwa wako umempa maji?”