Kitako cha .375

Mzee alileta kitako peke yake, yaani ile sehemu ya mbao ya bunduki yake ya kuwindia yenye risasi za kipimo cha .375, kimeviringishwa kwenye gunia. Mtutu na mitambo aliviacha nyumbani ndani ya kabati la chuma, maana karakana ya mjomba pale Arusha haikuwa na kibali cha kuweka silaha. Ilikuwa Mei, na msimu wa uwindaji ulikuwa unafunguliwa tarehe 1 Julai.

"Fundi, nataka king'ae. Halafu kuna jambo jingine: mvua zikinyesha, risasi zinakwenda kushoto."

Mjomba hakushughulika na mng'ao. Alikipindua, akapitisha kidole kwenye mfereji unaolaza mtutu, kisha akafungua skrubu za mpira wa nyuma, ule unaokaa begani. Nje palikuwa na vanishi nene, imepasuka na kuota mabaka meupe karibu na mshikio. Ndani, na chini ya ule mpira, mbao ya mjozi ilikuwa tupu kabisa. Unyevu uliingilia huko, mbao ikavimba na kuusukuma mtutu pembeni.

"Basi nipakie mafuta ya kitani," mzee akasema, "kama zile bunduki za 303 za jeshi la Mwingereza."

Hapo walibishana hadi chai ikapoa. Mjomba alimweleza kwamba mafuta yanapendeza, na kitako kikichubuka unapaka tena palepale, lakini kuzuia unyevu hayawezi sana. Vanishi inazuia vizuri zaidi maadamu ni nzima; ikishatoboka, maji yanapenya chini yake na huna budi kukwangua yote. Mpaka leo nawasikia watu wakisema mafuta "yanaziba" mbao, nami nabaki kutikisa kichwa.

Mwisho alitumia vyote viwili. Mfereji na sehemu ya chini ya mpira alipaka vanishi iliyopunguzwa kwa tapentaini, mikono kadhaa, mpaka mbao ikakataa kunywa. Nje nilikwangua mimi. Palipobonyea niliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto, mvuke ukainua mbao. Nikapiga msasa, nikalowesha, nikangoja nyuzi zisimame, nikapiga tena. Mafuta ya kitani yaliyotiwa dawa ya kukausha tulipaka kidogo kwa kiganja, tukasugua hadi mbao ikapata joto, tukafuta yote yaliyobaki juu. Mafuta haya hayakauki kama maji; yanashika hewa ndipo yanakuwa magumu, na ukiyapaka mazito yatanata wiki nzima. Vitambaa tulivitandaza kwenye waya nje, kimoja kimoja, kwani vikirundikwa huzalisha joto na kuwaka vyenyewe.

Mzee alipokuja kukichukua alikigeuza dirishani, akanung'unika kwamba hakijang'aa, akalipa nusu. Nusu nyingine aliileta Septemba, pamoja na kitako cha bunduki ya mdogo wake, na safari hii alianza kwa kutuonyesha mfereji.