Ncha ya Epe Kabla ya Mazoezi ya Jumamosi

Alexandra Ndolo aliposhindana Paris mwaka 2024, Mkenya wa kwanza wa mchezo wa vitara kufika Olimpiki, alishika epe. Kati ya silaha tatu za mchezo huu, hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwili mzima ni shabaha, na hakuna mabishano ya nani alianza kushambulia: taa ya mashine ya kuhesabu pointi ikiwaka, ni pointi. Wote wawili wakichomana karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata yake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ncha, na shajara hii nataka ianzie hapo.

Ndani ya ncha mna springi mbili. Kubwa huisukuma ncha irudi nje. Ndogo hugusa nyaya mbili zilizo chini ya kikombe cha ncha, na umeme ukipita, taa huwaka. Kanuni inataka springi kubwa iweze kuinua gramu 750. Usipokuwa na jiwe rasmi la kupimia, tumia mizani ya jikoni ya dijitali: kandamiza ncha juu yake mpaka taa iwake, kisha ilegeze polepole. Taa ikizimika mizani ikisoma chini ya 750, springi imechoka. Kuivuta kidogo kunasaidia kwa muda tu, ibadilishe.

Springi ndogo ndiyo inayosumbua wengi. Chomeka waya wa unene wa milimita 0.5 kati ya ncha na kikombe chake, kisha kandamiza. Taa haipaswi kuwaka. Ikiwaka, springi ni ndefu mno: ifunge ndani robo mzunguko, upime tena. Ukizidisha, haitawaka kabisa hata umchome mtu sawasawa.

Kuifungua kunahitaji subira. Skrubu mbili za pembeni ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo fanya kazi juu ya kitambaa cheupe, na bisibisi ya mafundi wa simu inayoingia barabara kwenye mfuo wa skrubu. Ikiwa nyembamba mno, itakula kichwa cha skrubu. Safisha kwa pamba na spiriti. Usitie mafuta, maana yanashika vumbi. Skrubu hizi si za kununua duka lolote la mtaani, basi agiza za akiba mapema.

Sasa kosa ambalo mara nyingi ncha husingiziwa. Mpinzani anagonga kikombe cha kukinga mkono wako na taa yake inawaka, ilhali pigo hilo halihesabiwi. Waya wa tatu kwenye plagi ya epe ndio unaolizuia, lakini kutu ikiota kwenye kikombe hicho, umeme haupiti. Kisugue kwa msasa laini mpaka king'ae, kisha upime ukinzani kwa mita ya umeme, zile zinazouzwa barabara ya Luthuli, Nairobi: usizidi omu 2. Msimu wa mvua ndefu ndio mbaya zaidi. Koti lenye jasho likifungiwa begi moja na epe usiku kucha, asubuhi utakuta madoa ya kutu. Vitenganishe, na ulifute bapa kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka ukumbini.

Bapa likipinda, mpindo unaoruhusiwa ni chini ya sentimita 1. Linyooshe polepole kwa soli ya kiatu. Ukiona ufa hata mdogo, liondoe kwenye mazoezi siku hiyo hiyo. Likivunjika wakati wa shambulio, kipande kinachobaki mkononi huwa na makali, na kinaweza kutoboa koti.