Hundi ya mbao na mfuko wa saruji

Bosi alirudi kutoka semina Dodoma na kibeji cha duara la rangi 17 kwenye koti, yale malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ya 2015. La kwanza: kutokomeza umaskini ifikapo 2030. "Na sisi tushiriki," akaniambia. Sisi ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida. Mimi mhasibu, na kuanzia siku ile mpambanaji na umaskini duniani.

Mshauri wa mjini (alilipwa kuliko mimi) akasema: fulana, bango, na hundi kubwa ya kupigia picha. Zikateketea milioni mbili na ushee. Hundi ilikuwa ya mbao, ndefu kumpita mwenyekiti wa kijiji, ya madawati ya shule. Tumejipanga, tunatabasamu, mzee mmoja akaigongagonga: "Hii dirisha la benki itapita?" Watu wakaangua kicheko. Kabla hakijaisha, mama mmoja, fulana yetu kaivaa juu ya gauni, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, na hela ya alizeti yangu ya mwezi wa sita?"

Ulikuwa mwezi wa tisa. Tulidaiwa na karibu kijiji kizima, na daftari ninalo mimi.

Bosi alikuwa mbishi. Nikamwekea mezani majina ya wakulima waliotukimbia, sasa wanawauzia walanguzi kwa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, na bei ya kutupa, kisa mlanguzi analipa papo hapo. Mashine yetu inalala kwa kukosa mbegu! Akavua miwani.

Msimu uliofuata tukalipa kwa simu ndani ya siku tatu. Benki ilivyotuzungusha mpaka tukapata mtaji, tuyaache. Lumbesa tukaipiga marufuku, kilo tu. Ila nani anaamini mizani ya mnunuzi? Hapo acha nijisifu: kila asubuhi naazima mfuko wa saruji duka la jirani, mkulima yeyote anaubeba na kuupima mwenyewe. Saruji ni kilo 50, hata mtoto anajua.

Siku ya kwanza mizani ikasoma 48.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimamisha ununuzi mpaka watu wa vipimo walipokuja kuirekebisha, na waliokwisha kuuza msimu ule tukawafidia, bosi akinuna wiki nzima.

Madawati yalinunuliwa kweli, nisiwe mwongo. Ile hundi niliiwekea miguu, ndiyo meza ninayoandikia risiti pale kwenye mizani.