Takao, mita 599 zilizonitoa kijasho chembamba

Huu mwaka wa pili niko Tokyo na toka nimefika kuna swali moja linanifuata kama kivuli, mtu akishajua tu natokea Tanzania basi, "ahaa Kilimanjaro! umeshapanda?" Mwanzoni nilikuwa naeleza vizuri tu kwamba hapana, sijapanda, wengi wetu hatujapanda, mi nimeuona dirishani kwenye basi na siku hiyo wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu. Baadae nikachoka kueleza. Siku moja maabara wakaniuliza tena nikacheka nikasema "ile baridi we acha tu", nikanyamaza, wakamalizia wenyewe.

Sasa Novemba wenzangu wa maabara wakaja na wazo, Mvietnam mmoja, dada wa Kibrazili na Mjapani ambae ndo mwenyeji wetu, wakasema twende Mlima Takao tukaangalie majani yanavyogeuka mekundu maana huku hiyo ni kama msimu wa sherehe. Nikaugugo huo mlima. Mita 599. Nikacheka peke yangu chumbani.

Kufika ni rahisi mno, unachukua treni ya Keio pale Shinjuku, kama dakika 50 hivi unashuka kituo cha mwisho Takaosanguchi, ukitoka nje tu msitu huo hapo mbele yako, na bado uko Tokyo hiyohiyo, upande wa Hachioji. Ila watu! Wikiendi ya Novemba usiombe, foleni ya kebokaa (kile kibehewa kinachovutwa na waya kupandisha watu) imezunguka mpaka huoni mwisho wake. Tukasema isiwe tabu, miguu tunayo.

Njia ziko kadhaa zimepewa namba. Namba 1 karibu yote imesakafiwa, hiyo ndo ya wenye watoto na wenye haraka zao. Mjapani akataka tupite hiyo, yule Mvietnam akadakia, "tuna mtu wa Kilimanjaro hapa, namba 1 ya nini? Twende namba 6." Wote wakanigeukia. Sasa ningesemaje jamani.

Namba 6 ni kama kilomita 3.3, inafuata kijito ndani ya msitu wa sugi, miti iliyonyooka kama nguzo za umeme, mirefu mpaka jua linafika chini kwa vipande vipande. Unapita karibu na maporomoko ya Biwa ambako watu wa dini wanasimama chini ya maji kufanya ibada, maji yenyewe ya baridi ile! Pazuri sijakataa, kimya, harufu ya udongo uliolowa, ila mizizi imetapakaa njiani kama nyoka na mimi nimevaa raba za kwendea sokoni soli imeshakuwa laini kama sahani. Na majani mekundu tuliyoyafuata huko hamna bwana, sugi haibadilishi rangi.

Nusu ya safari mapafu yakaanza kudai. Nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu (mara ya tatu hiyo), akapita bibi mmoja, miaka 70 kwenda juu, ana fimbo mbili, wala hahemi, akanisalimia "konnichiwa" maana huku mlimani hata msiojuana mnasalimiana. Mi pumzi hamna na akili imeshahama, mdomo ukatoa "shikamoo". Akainamisha kichwa kwa heshima akaendelea zake.

Huko juu njia inaingia kwenye kijito chenyewe, unakanyaga jiwe moja moja katikati ya maji, na ukidhani umemaliza ndo unakutana na ngazi. Zile ngazi sitaki kuziongelea.

Kileleni ndo kuna momiji sasa, yale majani tuliyoyafuata, mekundu haswa kama pilipili iliyoiva, na bahati yetu mbingu ilikuwa safi Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani, ikajitokeza kule mbali na theluji yake kichwani. Dada wa Kibrazili akaniuliza, enhe, ukilinganisha na Kilimanjaro vipi? Nikaona yaishe. Nikawaambia ukweli wote, lile basi na yale mawingu. Walicheka mpaka watu wakageuka, halafu Mjapani akasema taratibu akiangalia ile Fuji, mita 3,776, "hata mimi sijawahi kuipanda." Hapo tukawa ndugu.

Kushuka tukapita namba 1, kuna hekalu la Yakuoin lililoanzishwa mwaka 744, lina sanamu za tengu, majini ya mlimani, mmoja pua ndeeefu mwingine ana mdomo wa ndege. Chini kidogo kuna mti unaitwa sugi wa pweza, wanasema ulikuwa unaziba njia, watu walipotaka kuukata mizizi ikajikunja yenyewe usiku kuwapisha. Tukala soba ya tororo, yani tambi zilizomwagiwa kiazi kikuu kibichi kilichosagwa, inavutika kama mlenda, wenzangu wanahangaika nayo mi naitelezesha tu. Angalau kitu kimoja niliwashinda.

Kebokaa tuliipata ya kushukia. Sehemu kali kabisa inafika nyuzi 31 na ushee, wanasema hakuna reli ya kebokaa iliyosimama kama hiyo Japani nzima, na mi nilishika bomba kwa mikono miwili.

Jumatatu akaja mwanafunzi mgeni kutoka Ujerumani, tunatambulishana, kusikia Tanzania macho yakamwaka, "Kilimanjaro!" Sijafungua mdomo Mvietnam kashamjibu, "Huyu? Huyu kapanda Takao."