Siku yangu yadini Jomvu, Mombasa: malori yapo, madereva je?

Saa 11 alfajiri. Simu inaita adhana haijaisha. Ni dereva aliyekuwa apakie kontena la Kampala leo. "Dada, mke wangu kajifungua usiku." Nampa hongera, tena za dhati, kisha nakaa kitandani nikiwaza nitampata nani. Siku za bure za kuweka mzigo bandarini zinakwisha kesho.

Saa 1:30 asubuhi. Niko yadini, mahamri na mbaazi nakula nimesimama. Kazi yangu ni kupanga magari: nani anaingia bandari ya Kilindini, nani kakwama mpakani Malaba. Trela moja imeegeshwa muda mrefu hadi vumbi la kioo limeandikwa jina na mtoto wa mlinzi.

Saa 3. Kijana wa Mikindani kaja na leseni ya CE, ile ya malori ya trela. Namwambia arudishe trela nyuma. Hapo ndipo wengi huumbuka: ukikata usukani kushoto, mkia unakwenda kulia, na ukichelewa kuunyoosha, kichwa na trela vinakunjana. Huyu anashuka mara mbili kuangalia nyuma, anapanda, anaiingiza polepole. Namkubali. Bosi hamtaki, kwa sababu bima inadai miaka ya uzoefu. Ataupata wapi, ikiwa kila yadi inataka aliyekwisha kuupata? Zamani utingo alijifunza kwa dereva, njia nzima, mpaka akakabidhiwa usukani. Kwetu utingo waliondolewa kubana matumizi. Sasa tunashangaa hakuna warithi.

Saa 6 mchana. Nampigia mzee mmoja, dereva wa siku nyingi. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya kutoka nje iende Nairobi kwa reli ya SGR, gari lake liliegeshwa naye akafungua duka Mazeras. Amri iliondolewa 2022, lakini yeye hakurudi.

"Baba, tunakuhitaji."

"Mwanangu, hapa dukani nalala kwangu."

Sina la kumjibu. (Nimenunua sukari kwake, duka linakwenda vizuri.)

Saa 9 alasiri. Hesabu za malipo. Madereva wetu hulipwa kwa safari. Foleni ya mizani Mariakani, siku za kusubiri mpakani, usiku wa kulala kwenye kebini ukilinda dizeli isifyonzwe: vyote bure. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24. Mtu analipwa akifika, halafu tunamwambia apumzike! Waliokwenda Qatar wananiambia kule mshahara wa mwezi unaingia hata gari lisipotoka. Leseni Mombasa zimejaa, mimi nazikataa kila wiki. Tunachokosa ni mtu anayekubali masharti yetu.

Saa 12 jioni. Dereva mmoja kafika kutoka Malaba, macho mekundu. Bosi anapiga: ageuze gari usiku huu, achukue la Kampala. Nimekataa. Ataondoka kesho akishalala, na kwenye karatasi ya safari nimemwandika kijana wa Mikindani kuwa utingo wake.

"Na huyo nani atamlipa?" bosi anauliza.

Nimemwambia amlipe kwa zile pesa atakazotozwa bandarini kontena likibaki huko.