Siku moja maishani mwangu: mpishi wa kambi, Seronera

Saa kumi na nusu alfajiri. Fungua zipu ya juu ya hema tu, mulika tochi pande zote, ndipo utoke. Kambi za umma za Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, hazina uzio. Macho yaking'aa gizani, bora wageni wangoje chai kuliko kupishana na nyati.

Saa kumi na mbili kamili wageni wanaondoka na dereva, maana simba na chui wanatembea kabla jua halijawa kali. Wanaoshinda porini wanabeba chakula: kuku wa kukaanga, mayai, mkate, ndizi. Kuku apoe kabisa kabla ya kufungwa. Akifungwa wa moto, mvuke unageuka maji, mkate unalowa, na kufikia saa saba nyama imeshaanza kunuka. Mayai nayachemsha dakika 12, kwa sababu hapa tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage yasiyolowekwa usiku kucha yanamaliza gesi bila kuiva.

Saa tatu, sanduku la baridi. Nyama inatoka Karatu imeganda kama jiwe na inakaa chini kabisa. Yenyewe ndiyo barafu. Mchicha na nyanya zilizoiva zinaliwa siku ya kwanza. Kabichi, karoti na viazi vinasubiri za mwisho. Fungua sanduku mara mbili kwa siku, basi.

Mchana ni zamu ya tumbili na nyani. Jikoni kumezungushiwa wavu wa chuma, lakini wavu haufai kitu kama komeo liko wazi, hata ukienda kuchota ndoo moja tu ya maji. Hemani kusiwe na chakula wala ganda la chungwa. Nyani haoni tabu kuchana turubai.

Saa kumi kaza kamba za mahema, upepo unakuja.

Saa moja usiku supu, kisha wali. Sufuria zinaoshwa usiku huohuo na viatu vinaingia ndani. Fisi hubeba vyote viwili.

Kama kesho ni kuondoka, uliza saa iliyoandikwa kwenye kibali cha kuingia hifadhini. Siku ya hifadhi ni saa 24 tangu kuingia, mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na barabara ya kwenda lango la Naabi ina matuta mfululizo. Chai ya siku hiyo inapikwa mapema zaidi.